Chupa ikishauzwa ni ya nani?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mtaani kwetu ilikuja kampuni moja ya vinywaji na fulana zao, bango lao na mpiga picha. Tukazoa mtaro pamoja nao, kuanzia kona ya bucha mpaka kalavati la barabara kubwa. Tulichotoa humo, ukiacha mchanga na nepi, zaidi ni chupa za plastiki, na nyingi zilikuwa na nembo ile ile iliyokuwa vifuani mwa wageni wetu. Tulipomaliza, afisa wao akasimama kutuhutubia: wananchi tubadilike, tuache kutupa taka ovyo, mazingira ni yetu sote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa, na hasira ile ninayo hadi sasa.

Ninayo kwa sababu hakuna aliyemuuliza mbona zamani hatukuwa tunazoa chupa za soda kwenye mitaro.

Waliokua miaka ya 80 na 90 wanakumbuka. Ukitumwa soda dukani ulipewa hela na chupa tupu. Kama huna tupu, uliacha hela ya chupa, au ulikunywa pale pale umesimama huku Mangi mwenye duka anakuangalia. Wageni wakija ghafla, mtoto alikimbizwa kwa jirani kuazima tupu mbili tatu. Kwenye harusi kreti zilihesabiwa zikiingia na zikitoka, chupa 24 kila moja, na alikuwepo baba mdogo fulani ambaye kazi yake usiku kucha ilikuwa kufuatilia chupa chini ya viti, maana iliyopotea kamati ililipa. Chupa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kiwanda. Gari lililoleta soda liliondoka na tupu, zikaenda kuoshwa, zikajazwa, zikarudi mtaani. Hatukuwa wastaarabu kuliko watoto wa leo, wala hatukufundishwa semina yoyote. Tulirudisha chupa kwa sababu chupa ilikuwa hela.

Halafu ikaja ya plastiki. Hakuna kreti, hakuna tupu, nunua ondoka nayo. Kiwanda kikaacha kubeba chupa tupu, kikaacha kuziosha, kikaacha kupata hasara ya zinazovunjika. Gharama hiyo haikufutika, imehamishwa tu. Leo inailipa halmashauri inayopeleka malori dampo la Pugu, anailipa mwenye nyumba bondeni ambaye mtaro wake umeziba mvua za masika zikianza, anailipa mvuvi wa Kunduchi anayevuta wavu umejaa takataka. Na kuliko wote anailipa mwokota makopo.

Kwetu hupita mama mmoja alfajiri, kabla gari la taka halijafika. Mwangalieni siku moja anavyofanya kazi. Anafungua kizibo, anamwaga kilichobaki, anaikanyaga chupa kwa kisigino mpaka ilale, ndipo inaingia kwenye kiroba. Vizibo vina mfuko wake, kwa kuwa ni plastiki ya aina nyingine na mnunuzi huvitenga. Chupa tupu ya nusu lita haizidi gramu 20 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50 na zaidi, na kilo hiyo inamletea shilingi mia kadhaa. Bei ya mafuta ghafi ikishuka duniani, plastiki mpya, inayotengenezwa kwa mafuta hayo, inakuwa rahisi, hiyo yake inakosa wa kuitaka, na mizani ya mnunuzi wa skrepa inamwambia aende nyumbani na nusu ya jana. Huyu ndiye anayewafanyia viwanda kazi ya kukusanya vyombo vyao. Hana mkataba, hana glavu, na kwenye picha za siku ya usafi hayupo.

Nakubali, plastiki imetusaidia pia. Kioo ni kizito, kinavunjika, na kukiosha kunataka maji mengi. Abiria wa basi la mikoani anayenunua maji dirishani yuko salama zaidi kuliko tulivyokuwa sisi tuliokunywa kwenye ndoo moja kwa kikombe kimoja, na kila mwenye kumbukumbu ya kipindupindu anaijua thamani yake. Chupa hizo hizo tunawekea karanga, asali, mafuta ya taa, ubuyu. Sisemi zipigwe marufuku kesho. Nasema ziwe na mwenyewe.

Tena msiniambie haiwezekani, kwa sababu baa yoyote hapa mjini inafanya kila siku. Gari la bia linashusha kreti zilizojaa na kupakia kreti za tupu. Mhudumu anajua idadi, mwenye baa anajua idadi, dereva anajua idadi. Ukitaka kuondoka na bia yako kwenda nayo nyumbani utadaiwa chupa. Barabara ni hizi hizi mbovu na foleni ni hizi hizi. Kinachotofautisha ni kwamba chupa ya bia bado mtu anaihesabu kuwa mali yake.

Ujerumani tangu 2003 chupa ya plastiki ya kinywaji ina amana ya senti 25 za euro, na unairudisha dukani kwenye mashine unapewa hela yako. Kenya walipitisha sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022 inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Utekelezaji ni habari nyingine, lakini angalau kwenye karatasi mzalishaji ametajwa.

Sisi Tanzania huwa tunamtaja mnunuzi. Lengo la 12 la Maendeleo Endelevu, lile tulilosaini litimie ifikapo 2030, linahusu matumizi na uzalishaji, vyote viwili. Nenda kwenye kongamano lolote uhesabu dakika zinazotumika kumfundisha mama lishe kutotupa ovyo, halafu uhesabu zinazotumika kwa mwenye kiwanda. Hata kwenye mkataba wa dunia wa plastiki uliokubaliwa uandikwe, pale Nairobi Machi 2022, mazungumzo yalikwama Busan, Korea Kusini, na yakakwama tena Geneva Agosti 2025. Palipowashinda zaidi ni hapo hapo: nchi zenye mafuta zilikataa kuzungumza kupunguza uzalishaji.

Nitakachoomba ni kitu kimoja. Kila chupa ya plastiki ya soda, maji na juisi iwe na amana, tuseme shilingi 100, imeandikwa kwenye lebo. Duka linalouza lilazimike kupokea tupu. Gari linaloleta mzigo, ambalo hurudi kiwandani halina kitu, lirudi na tupu. Mtasema bei itapanda. Itapanda kwa anayetupa. Anayerudisha anapata yake. Na yule mama wa alfajiri, zile chupa 50 zinazomlipa mia kadhaa zitamlipa 5,000.

Tumeshafanya makubwa kuliko hili kwa haraka. Aprili 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba rambo, ile mifuko ya plastiki, basi, na tarehe 1 Juni mwaka huo huo marufuku ikaanza, na faini ya mpaka bilioni 1 kwa mzalishaji na ya kuanzia 30,000 kwa anayekutwa nayo mkononi. Wafanyabiashara walilalamika, wakazoea, leo sokoni tunakwenda na vikapu. Chini ya miezi miwili. Kanuni ya amana ya chupa haihitaji muda mrefu kuliko huo, na Ofisi ya Makamu wa Rais, yenye dhamana ya mazingira, inajua viwanda vya kuita mezani, maana majina yao yapo kwenye kila chupa tuliyotoa mtaroni.