Michirizi Myeupe ya Bendera Yetu

Muulize mtoto yeyote wa shule hapa Nairobi maana ya rangi za bendera. Atakujibu bila kusita: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika tukipigania uhuru, kijani ni ardhi na mali yake, nyeupe ni amani. Nyeupe hutajwa mwisho, tena harakaharaka, na kwangu ndiyo yenye historia nzito zaidi.

Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za KANU, chama kilichoundwa 1960. Kiliposhinda uchaguzi wa 1963, kingeweza kutupandishia bendera yake na kutuambia hii ndiyo Kenya. Badala yake, bendera ya taifa ilitiwa michirizi miwili myeupe, na katikati ngao na mikuki. Bungeni walikuwamo KADU, chama pinzani, waliodai serikali za majimbo kwa hofu kwamba jamii kubwa zingemeza ndogo. Mimi naisoma ile nyeupe kama ahadi kwao: taifa si mali ya chama. Bendera hiyo ndiyo iliyopanda Uhuru Gardens usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, na mpanda milima Kisoi Munyao akaisimika juu ya Mlima Kenya.

Inaniuma kwamba ahadi haikudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964, bendera haijatimiza hata mwaka. Mwaka 1982 sheria ikatufanya nchi ya chama kimoja, hadi 1991.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema vijana waliojifunga bendera mabegani Juni 2024, wakipinga Mswada wa Fedha katikati ya jiji, waliidharau. Sheria inawatengea viongozi wachache haki ya kuipeperusha kwenye magari yao, sawa. Lakini siku ile, barabarani, sikuona rangi ya chama wala ya kabila. Kwa macho yangu, bendera ilikuwa imewafikia wenyewe.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Pili, inaeleza rangi na vipimo vya bendera, ila maana yake haikuandikwa humo. Kazi hiyo wanayo walimu na wazazi. Basi walimu wetu, bendera inapopandishwa paredi ya Jumatatu, msiishie kwenye neno amani. Waambieni watoto kwamba palikuwa na KADU, walidai nini, na kwa nini walisikilizwa.