Kabla ya kupandisha bei ya gari la kale, inua kwanza kiti cha nyuma

Hapa Lubumbashi, gari la zamani likitangazwa mnadani, hadithi yake hulitangulia: lilikuwa la mhandisi Mbelgiji wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, limelala garajini tangu mji huu ukiitwa Élisabethville, halijaguswa na mtu. Watu wanapandisha bei kwa maneno matupu. Mimi nasema hadithi isiyo na uthibitisho isilipiwe hata faranga moja, na mwenye mnada anayekataa gari likaguliwe mapema asiaminiwe.

Chukua Volkswagen Coccinelle, ile wengine waiitayo Beetle. Tazama kioo cha nyuma. Hadi mapema 1953 kilikuwa vipande viwili, kisha kikawa na umbo la yai hadi katikati ya 1957, halafu kikaja kikubwa cha pembe nne. Ukiambiwa gari ni la 1955 na kioo ni cha pembe nne, hapo pana jambo. Sasa inua kiti cha nyuma. Namba ya shasi imegongwa kwenye tuta la chuma linalopita katikati ya sakafu. Ifute vumbi, uilinganishe na carte rose, yaani kadi ya gari, tarakimu moja moja. Chuma cha pembeni kikiwa na alama za tupa au weldi mpya, achana nalo. Usitafute herufi na tarakimu 17. Utaratibu huo ulikuja 1981.

Usukani nao unasema. Ukiwa kulia, si kushoto kama desturi ya Kongo, huenda gari lilivukia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, likitoka kusini. Coccinelle ziliundwa Uitenhage, Afrika Kusini, tangu 1951. Si kasoro, ila ile hadithi ya Mbelgiji iulizwe upya. Kilomita nazo zisikubabaishe: mita yake ina tarakimu tano, ikipita 99,999 inarudi sifuri.

Kuhusu mota, sikubaliani na wakusanyaji wa Ulaya, ambao hulidharau gari zima mota isipokuwa ya asili. Huku vipuri vilipoadimika, mafundi wetu walifunga mota iliyopatikana ili gari litembee, na kazi hiyo naiheshimu sana. Bei ipungue kidogo, sawa. Kinachoniudhi ni kuficha. Muuzaji aandike wazi kwamba mota ilibadilishwa, na lini.

Tena asipake rangi mpya wiki ya mnada! Heri rangi iliyopauka na kutu inayoonekana kuliko mng'ao uliofunika mastiki, ile rojo ya kuzibia mashimo ya bodi, ambayo sumaku haiishiki. Nenda na sumaku ndogo, ipitishe chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Pale isiposhika, mwite muuzaji aje aeleze, wanunuzi wengine wakisikia.