Redio ya Babu Si Kasha la Kuwekea Bluetooth

Redio za zamani zimepata soko tena. Pita kwenye hoteli za Mji Mkongwe, mikahawa mipya ya Dar es Salaam na Nairobi, hata sebule za vijana waliojenga juzi: utaikuta Philips au Grundig ya mbao imekaa juu ya kabati, imepigwa vanishi mpaka inang'aa. Nafurahi kuziona. Kinachoniuma ni kwamba nyingi ukizigeuza nyuma hazina kitu. Chasisi, ile fremu ya chuma iliyobeba saketi, imetolewa ikapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mahali pake pamewekwa kibodi (yaani bodi ndogo) cha Bluetooth cha bei rahisi, spika mbili za plastiki na taa za rangi zinazowaka na kuzima nyuma ya kioo cha stesheni.

Mara nyingi wenye mali ndio wanaoagiza hivyo. "Fundi, toa hayo madude yote ya ndani, niwekee Bluetooth na sehemu ya flashi." Fundi naye ana kodi ya kibanda, anatoa. Simlaumu sana. Ila naamini kwa dhati kwamba redio ni ile saketi. Kasha seremala mzuri anaweza kulichonga upya hata leo, lakini saketi ile haitengenezwi tena kiwandani popote. Na habari njema, ambayo wengi hawaijui, ni kwamba mara nyingi saketi hiyo haijafa. Imelala tu, na kuiamsha kunagharimu pesa kidogo kuliko kile kibodi na taa zake.

Tukumbuke vyombo hivi vilifanya kazi gani kwetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilisikika mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1957. Habari za uhuru wa 1961 na 1963 ziliwafikia wazee wetu kupitia valvu, zile taa za kioo za kukuza mawimbi na sauti, zinazowaka rangi ya chungwa ndani ya kasha la mbao, majirani wamejaa barazani. Baadaye zikaja za transista, nyepesi, za betri, na nyingine zikaundwa hapa hapa: Matsushita walikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotoa redio na betri za National, na Philips wakawa na chao Arusha. Mafundi wa wakati huo walizijua redio hizi nje ndani. Wengi wao wametangulia mbele ya haki, na waliobaki ni watu wazima sana. Ukimpata mmoja, kaa naye umuulize.

Sasa, redio ya valvu hufa kwa nini? Ukimuuliza mtu wa kawaida atakwambia valvu zimeungua. Mara chache sana. Valvu ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Nyingi za miaka ya 1950 bado zina nguvu ya kutosha. Kinachokufa ni kapasita, kile kipande kidogo kinachoshika chaji ya umeme.

Iko moja ambayo ningependa kila mwenye redio ya mbao aifahamu, hata kama hatashika pasi ya kulehemu maisha yake yote. Inakaa kati ya valvu inayokuza sauti mwanzo na valvu ya mwisho inayoisukuma spika, ambayo kwa redio nyingi za Ulaya za wakati huo ni EL84. Ni kapasita ndogo, ya maikrofaradi 0.01 au 0.022. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa DC usivuke. Upande wake mmoja una volti kama 70 au 100, upande wa pili unatakiwa uwe sifuri. Zile za zamani zilitengenezwa kwa karatasi na nta, na karatasi imekuwa ikinyonya unyevu kwa zaidi ya miaka 60. Kwa hewa ya pwani, usiseme. Basi inaanza kuvujisha. Volti mbili tatu tu zikifika kwenye gridi ya EL84, yaani mguu wake wa kuingizia sauti, valvu hiyo inavuta mkondo kupita kiasi, sahani yake ya ndani inaiva nyekundu, na transfoma ya spika inakaangika pamoja nayo.

Na hapo ndipo penye hatari: redio katika hali hiyo inapiga. Inapiga vizuri, mwenyewe anashangilia, anawaita watoto waje kuisikiliza redio ya babu yao. Baada ya muda inanuka, halafu kimya. Kapasita ambayo bei yake ni ndogo kuliko chupa ya soda imeua transfoma ambayo utaitafuta Kariakoo nzima na Luthuli Avenue yote ya Nairobi usiipate.

Kipimo chake ni chepesi kwa anayejua kushika mita. Chomoa EL84, washa redio, pima haraka volti kati ya pini namba 2 ya soketi yake (ndiyo gridi) na chasisi, kisha zima. Ukiona volti inayosomeka waziwazi, kapasita hiyo imekwisha. Weka mpya ya plastiki ya thamani ile ile, ya volti 630, na ukiwa hapo hapo badilisha na ndugu zake wote wa nta. Kapasita kubwa za kuchuja umeme, zile za mkebe wa alumini, nazo zikaguliwe. Zikikauka redio inatoa mvumo mzito hata ukipunguza sauti yote, na zikiharibika vibaya hupasuka.

Kwa hiyo nakuomba, ukirithi redio au ukiinunua mnadani, usiichomeke ukutani "tuone kama inafanya kazi". Huo ndio mtihani unaoziua nyingi. Kwanza fungua mgongo, toa vumbi na viota vya mende. Angalia kichagua volti cha nyuma. Redio nyingi za Ulaya zina nafasi za 110, 127, 220 na 245, na kwa umeme wetu hiyo ya juu ndiyo salama zaidi. Kisha mpe fundi aiwashe kupitia balbu ya kizamani ya waya, ya wati 60 hivi, iliyofungwa kwa mfululizo na redio, umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye redio. Kama ndani kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu na redio itasalimika. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Na yeyote anayeingiza mkono humo akumbuke kuna volti 250 za DC, na kapasita kubwa hubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Wapo wapenzi wa redio, hasa wa Ulaya na Marekani, wanaosema usibadilishe hata kipande kimoja, maana utaharibu uhalisia. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Redio iliundwa ifunguliwe na itengenezwe. Ndiyo maana valvu zinachomekwa kwenye soketi na mchoro wa saketi mara nyingine umebandikwa ndani ya kasha. Kubadilisha kapasita iliyokufa kwa nyingine ya thamani ile ile ni kuendeleza kazi ya aliyeibuni. Anayetaka sura ya zamani ibaki anaweza kuyeyusha nta, kutoa matumbo ya kapasita ya zamani na kuficha mpya ndani ya ganda lile lile. Kazi nzuri, nimeiona ikifanywa kwa uangalifu mkubwa. Mpaka wangu uko kwenye muundo: valvu zile zile, njia zile zile, spika ile ile. Spika ya karatasi ya inchi 8 ndani ya kasha la mbao ina sauti nene, ya joto, ambayo kibodi cha Bluetooth hakitakupa hata ukiweka spika nne.

"Lakini mimi nataka kupiga nyimbo zangu za simu." Sawa, na huhitaji kung'oa chochote. Geuza redio yako ya mbao uangalie nyuma. Karibu zote za miaka ya 1950 za Ulaya zina matundu mawili ya gramafoni, na mbele kuna kitufe chake, kimeandikwa PU kwa nyingine, TA kwa zile za Kijerumani. Waliozitengeneza walitaka uchomeke gramafoni. Simu yako leo ni gramafoni tu. Fundi aunge waya wa kushoto na wa kulia kila mmoja kupitia rezista ya kilo-omu 1, vikutane, viingie tundu hilo. Kama hutaki waya, kipokezi kidogo cha Bluetooth kinakaa nje, nyuma ya kabati, bila kugusa skrubu hata moja ya redio. Wimbo unapita kwenye valvu na kutokea kwenye spika ya zamani. Hapo umepata vyote viwili.

Onyo moja, nalo ni la uhai. Fanya hivyo tu kwa redio yenye transfoma ya umeme inayoitenga na ukuta. Ziko redio ndogo zisizo nayo. Utazijua kwa valvu zinazoanza na herufi U: UCH81, UL84, UY85. Hizo chasisi yake imeungwa na waya wa umeme wa ukutani, na plagi ikikaa kinyume chasisi nzima ina volti 230. Usiunganishe simu wala kitu kingine unachokishika mkononi.

Zile za betri za zama za valvu watu huzitupa kwa sababu betri zake hazipo tena madukani. Mfano maarufu ni ile ya mwaka 1949 iliyobuniwa kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kutengenezwa na Ever Ready, kasha lake la alumini la duara kama sufuria. Kwa Kiingereza waliiita kwa jina hilo hilo la sufuria. Redio za namna hiyo zinataka umeme wa aina mbili: kama volti 1.4 za kupasha valvu, na volti 90 za kuziendesha. Volti 90 unazipata leo kwa kupanga betri 10 za volti 9, zile za mstatili, mfululizo. Volti 1.4 inatosha betri moja kubwa ya tochi. Ila ukikosea ukaingiza 90 kwenye njia ya 1.4, valvu zote nne zinakufa kwa mpigo, kwa hiyo weka viungio tofauti visivyoweza kuingiliana.

Hata transista za kwanza zina maradhi yake. Redio nyingi za Philips za miaka ya 1960 zina transista za AF114 hadi AF117, zenye miguu minne. Ndani ya kopo lake huota nyuzi nyembamba za bati, nyembamba kuliko unywele, mpaka zinagusa sehemu za ndani na kufanya shoti na kopo. Mara nyingi dawa yake ni kukata mguu mmoja tu, ule ulioungwa na kopo, na redio iliyonyamaza miaka 20 inaita tena. Nikisikia fundi kijana anasema "hii bodi ya kutupa" kabla hajajaribu mkato huo, nasikitika.

Televisheni za chogo naziogopa zaidi, na nakushauri nawe uziogope. Kioo cha televisheni ya rangi kinabeba volti zipatazo 25,000, na kinaweza kushika chaji baada ya kuzimwa. Kikiisha nguvu ni vigumu sana kumpata wa kukifufua; karakana ya RACS ya Ufaransa, iliyokuwa ikijenga upya vioo hivyo, ilifunga mwaka 2013. Kwa hiyo kioo kizima ni mali. Nawaomba hasa jamaa wa Unguja: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara tulisubiri mpaka 1994. Kama nyumbani bado kuna seti ya wakati ule, msiitupe. Matangazo ya analojia yamezimwa, Dar es Salaam tangu tarehe 31 Desemba 2012, lakini king'amuzi chenye tundu la kutoa antena kinaweza kuilisha picha.

Na redio yenyewe itashika nini? Wengi huishia hapo: masafa ya kati yamebaki na stesheni chache, FM imechukua kila kitu. Kwa miaka mingi mtambo wa Dole, Unguja, ulisikika kwenye masafa mafupi ya kilohezi 11,735 mpaka Ghuba na Ulaya, na wapo wageni wa mbali waliokesha kuutafuta kwa ajili ya taarabu. Masafa mafupi usiku bado yana sauti za mbali. Tandaza waya wa mita 10 juu ya paa, kisha zima taa za LED na uchomoe chaja za simu, maana hizo za bei rahisi ndizo zinazomwaga kelele. Utashangaa jinsi redio ya mwaka 1956 inavyosikia.

Ombi kwa mafundi wenzangu. Ukimaliza kazi, andika kwenye karatasi tarehe, kapasita ulizobadilisha na thamani zake, na volti ulizopima kwenye kila valvu. Bandika karatasi hiyo ndani ya mfuniko wa nyuma. Mimi huacha na zile za nta nilizozitoa, kwenye mfuko wa plastiki humo humo ndani ya kasha, ili atakayeifungua baadaye alinganishe na asianze upya kutafuta.