Magorofa ya Mtwara yanayogusa mawingu

"Mji wangu ni jiji lisilolala, lenye magorofa yanayogusa mawingu na barabara zinazofurika magari usiku kucha."

Mtwara hiyo, jamani. Mtwara hii hii ya Shangani na Chikongola, ambako ukichelewa kidogo usiku kutafuta chipsi unamkuta muuzaji keshazima jiko na anahesabu chenji. Sentensi hiyo, kwa ung'eng'e uliopigwa pasi, imo kwenye desa alilouziwa mpwa wangu na mwalimu mmoja wa tuisheni hapa mjini, ili alikariri kwa ajili ya mtihani wa kuongea wa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Ni bunda la fotokopi, kila swali na jibu lake. Chakula unachokipenda? Piza. Jengo la kale linalokuvutia? Mnara wa Eiffel. Wakati wa mapumziko unafanya nini? Nateleza kwenye barafu. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya ubuyu, na hatuitelezei, tunainyonya.

Ningecheka nikaishia hapo, ila hela iliyonunua desa hilo ni ya korosho. Mama yake amepalilia, ameokota, amebeba gunia mpaka ghalani, akasubiri malipo ya mnada, halafu mtu aliyevaa tai anamuuzia mwanawe Paris ya karatasi.

Vyuo vingi vya Uingereza kwa shahada ya uzamili vinataka alama 6.5 kati ya 9 za IELTS, na binti amejipanga. Kusoma na kuandika havimsumbui. Kinachomtoa jasho ni zile dakika 11 mpaka 14 za kukaa ana kwa ana na mtahini huku kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Na hapo ndipo wauza madesa wanapovunia, maana mwenye hofu hanunui maarifa, ananunua dawa.

Sasa dawa yenyewe ni sumu. Alama za kuongea zinatoka kwenye vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi. Maelezo ya vigezo hivyo yako wazi, yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma. Sentensi za kukariri zimetajwa humo, na unajua zimewekwa wapi? Chini kabisa, kwenye alama 2 na 3, pamoja na mtu asiyeweza kuunga maneno. Mtahini amewasikia watu wengi wenye jiji lisilolala. Akishanusa desa anageuza swali: eti gorofa lipi hasa unalipenda, na kwa nini? Hapo mpwa wangu ataje lipi?

Ubaya mwingine wa desa ni kwamba linamwondoa mtu kwenye kiti akabaki mdomo tu. Nilimwomba binti anisomee jibu la jengo la kale. Alilitiririsha bila kupepesa, sauti imenyooka kama ya tangazo la msiba, macho yako ukutani. Nikamwambia aache, anieleze kwa Kiswahili Boma la Mikindani. Ebo! Mikono ikaanza kufanya kazi. Akaniambia Wajerumani walilijenga 1895, leo ni hoteli, na wenyeji wengi tunalitazama kwa nje tukiwa ndani ya bajaji. Akasimulia hadithi za bibi yake kuhusu watu waliokuwa wakipita njia ya mbali ili wasipite karibu na ukuta ule. Haya, sasa sema hayo hayo kwa Kiingereza. Akajikwaa, akarudi nyuma, akakosea wakati uliopita, akajirekebisha mwenyewe, akaendelea. "Mjomba, hiki si Kiingereza cha mtihani," akaniambia. Mwanangu, hicho ndicho cha mtihani! Kujirekebisha katikati ya sentensi hakukuangushi. Kinachokuangusha ni kunyamaza, au kuongea kama kanda.

Mtihani wa kuongea una sehemu tatu. Kwenye ya pili wanakupa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa na karatasi ya kuandikia, kisha uongee dakika moja mpaka mbili. Mada zenyewe ni mtu, mahali, kitu, tukio. Sisi wa kusini tukose la kusema? Kuna msimu wa korosho, kuna unyago, kuna ming'oko, vile viazi vya porini, inayochemshwa mpaka jirani anapiga hodi, kuna kinyago cha Kimakonde ambacho watu kumi wamebebana kwenye gogo moja la mpingo. Kwenye ile dakika ya kujiandaa andika maneno matano sita ya kukukumbusha, usiandike sentensi, maana utaishia kuisoma. Na mtahini akikukatiza usidhani umefeli. Muda wake umeisha, basi.

Halafu kuna hili la kubana pua. Mwalimu huyo huyo anawafundisha vijana kuongea kama Wamarekani. Mtihani haukatazi lafudhi ya Newala wala ya Nachingwea, unataka ueleweke. Shingo upande nakubali: kama r na l zako zinabadilishana viti mpaka neno linageuka jingine, hilo lifanyie kazi. Nakubali pia kwamba misemo miwili mitatu ya kujipatia muda wa kufikiri inasaidia. Misemo mitatu, sio bunda.

Wala simlaumu mwalimu peke yake. Kuna shule alikuwa ananing'inizwa kibao shingoni mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili, na darasa zima linamcheka. Ukimlea mtu hivyo kimombo anakiogopa kama fisi, na mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne anaufanya kwa kalamu. Akifika mbele ya binadamu anayemuuliza "na wewe unaonaje?", hajawahi kuulizwa.

Na sehemu ya tatu ni hiyo tupu: unaonaje? Kadi ikiwa ya jengo la kale, maswali yatapanda kwenye makumbusho, serikali, utalii. Nikamchokoza na mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Wajerumani walimchimba kule Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa vichwani na babu zetu mpaka pwani, leo amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, watu wanakata tiketi kumwona. Arudishwe au asirudishwe?

Arudishwe, akasema, kwa Kiingereza, bila hata kuvuta pumzi. Nikamuuliza utamweka wapi, kwenye stendi ya mabasi? Akawaka. Akasema mimi ndio wale wale wanaodhani cha kwetu lazima kitunzwe na wengine, na kama bandari imejengwa hata nyumba ya mjusi itajengwa. Sarufi ilikuwa imepinda hapa na pale, lakini sikupata pa kuingilia. Tulibishana hadi dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza huyo mjusi mnayemgombania ni wa nani, na kama hatuli yeye anafunika chungu.