Ramani Haina Choo

Nimetoka steshenari sasa hivi, hata maji sijanywa, acheni niseme.

Nataka ramani ya meli. Zile za zamani za mvuke, zenye magurudumu ubavuni yanayopiga maji. Nichonge mfano wake kabla macho hayajaniaga. Kuna wenye ugonjwa wa bao, kuna wa Simba na Yanga. Wangu ndio huo. Na wala si mambo ya Wazungu ya mbali: Pioneer ya Livingstone, meli ya magurudumu, iliingia Ruvuma yetu hii mwaka 1861, ikageuza maji yalipopungua, maana tumbo lake lilizama mno.

Ramani zenyewe zinauzwa kwa pauni, na kadi yangu ya benki ikisikia pauni inazimia. Nikachoma bando mpaka nikapata ya Waverley, meli ya magurudumu ya Uskoti, iliyoshushwa majini 1946 na bado inabeba abiria. Nikatia kwenye flashi, nikavaa shati la mikono mirefu, huyo mjini.

"Shikamoo mzee. Ramani ya nyumba?"

"Marahaba. Ya meli."

Kijana akafungua, akakodoa macho. "Vyumba vingapi?"

"Meli, baba."

"Naona. Ila fundi wako kasahau choo."

Mama mmoja aliyeleta kitambulisho kutoa kopi akachungulia, akasema hiyo si meli, ni mashine ya kukoboa, shemeji yake anayo Masasi. Wakaanza kubishana juu ya mali yangu, mimi nimesimama kama mpangaji.

Ikatoka karatasi moja. A4! "Nimeibana, mzee, isije ikakatika."

Ameibana! Waverley ina mita 73. Kwa kipimo cha 1 kwa 48 mfano unapita mita moja na nusu. Kanipa kitu cha kufungia karanga. Na gurudumu ndilo lenye kazi: kila kasia lina fimbo inayoligeuza liingie majini likiwa wima, lisiyachape kofi. Fimbo zote zimekuwa doa jeusi. Nikamwambia atoe vipande vipande, nitaunganisha. Printa ikatoa nusu ya bomba la moshi, umeme ukaenda. Na gesi ya kufulia umeme tunaichimba sisi! "Ya rangi mia tano, mzee." Mimi mtu mwenye heshima zangu, siwezi kubishana kwa ajili ya mia tano. Nikabishana.

Jirani mchonga vinyago ananiambia niachane na ramani, atanichongea yote kwa mpingo. Mpingo! Ukiutia majini unakwenda kusalimia pweza. Mwenye genge naye: "Si uchukue ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika?" Liemba ya 1915 ni ya propela, bwana, propela!

Nyumbani mama watoto hakuuliza meli, kauliza changu wako wapi. Changu! Mmepita sokoni siku hizi? Unauliza bei ya fungu, muuzaji anakutazama kwanza viatu.