Baba Kama Mwisho wa Katuni

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ugomvi wa vifaa nyumbani kwetu ulikuwa ugomvi wa dakika. Nilikuwa nikimpa kitindamimba wangu, mwenye miaka 4, kishikwambi kwa nusu saa, nikitega kengele kwenye simu yangu, na kengele ilipolia nilikichukua hata kama katuni ilikuwa katikati ya wimbo. Kilichofuata kilikuwa kilio cha kujigaragaza sakafuni, nami nikakihesabu kuwa dalili ya uraibu. Mke wangu, ambaye husema machache katika mambo haya lakini huangalia sana, ndiye aliyeniambia jioni moja kwamba mtoto halii anapomaliza, hulia anapokatizwa. Siku iliyotangulia alikuwa amemwachia katuni moja hadi tamati, akiwa amezima mpangilio unaoleta nyingine yenyewe, na mtoto aliweka kishikwambi juu ya kiti akaenda kutafuta mpira wake.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miezi kadhaa, na sasa naona kwamba sisi wazazi tunapima muda ilhali kilichopotea ni mwisho. Nilipokuwa mtoto, kipindi cha watoto kwenye televisheni kilikwisha, ikaja taarifa ya habari ambayo haikutuhusu, tukatawanyika bila kufukuzwa na mtu. Kanda ya video ilifika ukingoni ikahitaji kurudishwa nyuma, na kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha kiasi kwamba wengi tuliona afadhali kwenda kucheza. Hatukuwa watoto wenye nidhamu kuliko hawa wa leo. Vitu vyenyewe vilikuwa vikituaga. Waliosema hakuna marefu yasiyo na ncha hawakuwahi kushika simu ambayo ukisogeza skrini kwa kidole habari nyingine inajitokeza chini yake, na nyingine tena, hadi mkono uchoke.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mbinu ya ukurasa usio na mwisho ilibuniwa mwaka 2006 na mbunifu wa programu Aza Raskin, ambaye baadaye alieleza hadharani kwamba anaijutia. Kabla yake msomaji alifika chini ya ukurasa akalazimika kubofya ili aone ufuatao, na katika kubofya huko kulikuwa na nafasi ndogo ya kujiuliza kama bado anataka. Mwaka 2015 YouTube nayo ikaanza kuchezesha video inayofuata yenyewe bila kuombwa. Ukiyatazama kwa jicho la mhandisi, mabadiliko hayo mawili ni ya kumwondolea mtumiaji usumbufu, ila kwa mzazi maana yake ni kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na kanda, na ratiba, na ukurasa wa mwisho, amekabidhiwa yeye. Mimi ndiye mwisho wa katuni. Mimi ndiye mwisho wa mchezo, na wa mazungumzo, na wa muziki unaopigwa chumbani, na kwa sababu hiyo mimi ndiye ninayechukiwa, wakati aliyeuondoa mwisho wa asili hayupo sebuleni kuona machozi.

Sidharau kuhesabu muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema watoto ambao hawajatimiza mwaka 1 wasiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wale wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku, tena pungufu ya hapo ni bora zaidi. Nakubaliana nao, hasa kwa kuwa uliandikwa kwa ajili ya mwili, yaani mtoto ajongee vya kutosha, asikae mno mahali pamoja na alale vizuri. Lakini saa 1 inaweza kuwa katuni tatu zenye mwanzo na mwisho, au vipande vifupi mia moja vilivyounganishwa na mashine. Mtoto anayetoka kwenye katuni tatu hunisimulia kilichompata sungura. Anayetoka kwenye vile vipande mia hana la kusimulia, na macho yake yana ule utupu ambao mzazi yeyote aliyewahi kuuona anaujua.

Nilijaribu pia kuiachia mashine kazi hiyo. Google walileta Family Link mwaka 2017, na mwaka uliofuata Apple wakaleta Screen Time, na zote mbili humruhusu mzazi kuweka kikomo kinachofunga kifaa chenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyepata msaidizi. Baada ya wiki moja nikagundua kwamba kikomo hufunga popote kilipofikia, hata katikati ya sentensi, na kwamba mtoto anapewa kitufe cha kuomba muda zaidi, ombi ambalo huruka moja kwa moja hadi kwenye simu ya mzazi. Basi nikawa nimeketi kazini, katikati ya kikao, nikipokea arifa za maombi kutoka kwa mtu wa miaka 8, mwanangu mwingine. Msaidizi niliyempata alikuwa akinirudishia kazi ileile, safari hii kwa maandishi.

Kifaa kimoja hakijawahi kutuletea kilio, nacho ni simu ya video kwa bibi yao. Wakati fulani nilidhani ni kwa sababu wanampenda, na bila shaka wanampenda, lakini sababu nyingine ni kwamba bibi huchoka. Huuliza maswali yake, husikiliza majibu, huonyesha nusu ya paji la uso wake kwa sababu hajazoea kuishika simu vizuri, kisha husema anakwenda kupumzika, na wote wanapunga mkono. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mapendekezo yao ya mwaka 2016, waliwatenga watoto wa chini ya miezi 18 na skrini lakini wakaacha mlango wazi kwa mazungumzo ya video, na nadhani mtu yeyote aliyemwona mtoto mchanga akicheka na bibi kupitia kioo anaelewa kwa nini. Upande wa pili kuna binadamu, na binadamu ana mwisho.

Mgumu zaidi alikuwa huyo wa miaka 8. Anacheza mchezo wa timu unaounganisha wachezaji kwa intaneti, na siku moja, baada ya kumwita mara nne, nilizima ruta. Nilitegemea hasira, lakini nilichokipata ni aibu. Alinieleza, sauti ikimtetemeka, kwamba wenzake watatu walikuwa wakimtegemea, kwamba mchezo huo hausimamishwi kama video, na kwamba mchezaji anayetoweka hufungiwa kwa muda kana kwamba ametoroka. Nilikuwa nimemwondoa uwanjani mpira ukiwa miguuni mwake. Baba angefanya hivyo kwenye uwanja wa kweli, majirani wangemshangaa.

Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwaka mmoja kabla: niliketi kando yake nikatazama. Nikajifunza kwamba raundi moja huchukua karibu dakika 20, kwamba kati ya raundi na raundi kuna pumziko fupi, na kwamba katika pumziko hilo mchezo hujitahidi sana usiondoke, kwa kukuonyesha zawadi ya leo na kukuahidi ya kesho ambayo utaikosa usipoingia. Mwisho upo, ila umefichwa nyuma ya zawadi. Tukakubaliana kwamba kabla ya kuanza raundi ambayo itakuwa ya mwisho atanitangazia, nami sitamgusa hadi imalizike. Mpango huo hufanya kazi siku nyingi, ingawa nimeshasikia “raundi ya mwisho” ikitangazwa mara tatu katika jioni moja na mtu yuleyule, bila haya yoyote. Hata hivyo napendelea kubishana juu ya idadi ya raundi kuliko juu ya dakika, kwa kuwa raundi ni kitu anachokijua na kukiheshimu, na dakika ni kitu changu.

Serikali nazo zimeanza kujifanya mwisho. Mwaka 2021 China iliamuru kwamba watoto wacheze michezo ya mtandaoni saa 1 tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Australia ilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Desemba 2025, inayozuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Kifunguamimba wangu ana miaka 11 na anadai kwamba ni yeye peke yake darasani asiye na akaunti, dai ambalo nimelichunguza na kulikuta si kweli, ingawa haliko mbali na ukweli. Ningeweza kumwonyesha sheria kama ya Australia na kujitoa lawamani. Shida yangu na sheria ya umri ni kwamba siku atakapotimiza miaka hiyo atafunguliwa mlango wa kisima kilekile kisicho na chini, akiwa hajawahi kufundishwa kutoka. Ningefurahi zaidi kuona watunga sheria wakivigusa vyombo vyenyewe: video inayofuata isijicheze kwa mtu yeyote mpaka aombe, na ukurasa uwe na chini. Jimbo la New York lilisogea upande huo mwaka 2024 liliposhughulikia namna mitandao inavyowapangia watoto maudhui, na kukataza wasitumiwe arifa kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi bila idhini ya mzazi. Sioni kwa nini mtu mzima naye asilindwe dhidi ya arifa ya saa tisa usiku, lakini hayo ni mambo mengine.

Au labda si mengine. Jioni moja kitindamimba alikuwa amemaliza katuni yake, amekirudisha kishikwambi kama kawaida, akaja akasimama mbele yangu. Nilikuwa nikisogeza skrini ya simu, sikumbuki hata nilikuwa nikisoma nini. Akaniuliza, “Baba, na yako inaisha lini?” Hakuwa akinisuta, alitaka kujua, kama mtu anavyouliza basi linaondoka saa ngapi. Nilitafuta jibu nikalikosa, kwa sababu katika kuwatafutia watoto mwisho sikuwa nimejitafutia wangu.

Tangu siku hiyo nimeziondoa kwenye simu zile programu ambazo ukurasa wake hauna chini, na habari nazisoma kwenye kompyuta, nikiwa nimeketi kwenye kiti kisichostarehesha. Simu za watu wazima hulala sebuleni kuanzia saa tatu usiku pamoja na vifaa vya watoto, zote zimechomekwa kwenye chaja mahali pamoja. Mke wangu alizoea kwa siku mbili. Mimi nilianza kwa kudai kwamba kazini wanaweza kunihitaji, na katika wiki zote hizo wamenihitaji usiku mara moja, kwa jambo lililoweza kusubiri asubuhi.

Jumatano iliyopita mwanangu wa miaka 8 aliamka usiku kwenda kunywa maji, akanikuta nimesimama gizani sebuleni, nimeinama juu ya meza, nikisoma ujumbe kwenye simu ambayo ilikuwa bado imeunganishwa na waya wa chaja, ili nikiulizwa niweze kusema kwamba sikuichukua. Alinitazama kwa muda, akanywa maji yake, kisha akauliza kama hiyo ilikuwa raundi ya mwisho.