Mende si dundu, ndugu mwandishi

Habari nzuri hii ya dundu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, lakini kichwa kimemwita "mende". Mende ni yule wa chooni! Dundu ana mabawa magumu kama gamba mgongoni.

Kwa msomaji aliyeuliza hapo juu kwa nini watafiti wamuue dundu badala ya kumpiga picha: mimi ni wa Gede, kando ya msitu huo, nimewahi kuwabebea watafiti taa na shuka nyeupe usiku, wadudu wanakuja wenyewe kwenye mwanga. Picha mara nyingi haitoshi. Kuna madundu wanaofanana kama punje za kunde, na kinachowatenganisha ni kiungo cha uzazi cha dume, ambacho hukioni mpaka umpasue chini ya hadubini. Pini huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, na chini yake kikaratasi: mahali, tarehe, aliyemkamata. Nilidhani mchezo. Kumbe bila hicho mdudu hana kazi. Nao hawaandiki "msituni" tu, wanaandika kama ni kwenye mirihi (miti ya Brachystegia) ya mchanga mweupe au upande wa udongo mwekundu.

Tangu 1993 watu wa hapa wanafuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo. Macho ya wadudu tunayo. Vijana wetu wafunzwe na hiyo hadubini basi.